UZI: Tatizo si dawa jenereki, tatizo ni mwanachuo kumeza asichokijua jina

#1 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni mfamasia, na sehemu kubwa ya watu ninaowahudumia ni wanachuo. Kila baada ya muda inaletwa mada kwamba "hizi jenereki zinatumaliza", mjadala unachemka, watu wanalaumu viwanda, kisha kila mtu anarudi chumbani kumeza alichopewa na jirani wa hosteli. Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kupinga aanzie hapa: jenereki haina kosa. Kosa ni kumeza kitu ambacho ukiulizwa jina lake unataja rangi. "Nipe vile vya njano." "Nina vile vyekundu na vyeusi."

Sipingi kujitibu. Shirika la Afya Duniani lenyewe linazitambua dawa za kujitibia, na mwaka 2000 lilitoa mwongozo wa jinsi mamlaka zinavyotakiwa kuzitathmini. Kichwa kikikuuma usiku wa kuamkia mtihani, hakuna mwenye akili atakayekwambia ukapange foleni kumwona daktari.

Sasa jenereki ni nini? Kiwanda kilichogundua dawa hulindwa na hataza, kwa kawaida miaka 20 tangu maombi yalipopelekwa. Ikiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza dawa hiyohiyo. Havilazimiki kurudia majaribio yote kwa maelfu ya wagonjwa. Vinachotakiwa kuthibitisha ni ubora, na kwamba kiini cha dawa, yaani kile kitu chenyewe kinachotibu, kinaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya mwanzo. Gharama ya ugunduzi haimo tena, ndiyo maana bei inashuka. Hakuna siri nyingine hapo.

Kuna kitu kimoja kinapotoshwa sana. Mtu amesoma mahali kwamba kipimo kinaruhusu "asilimia 80 hadi 125", basi anatangaza kwamba jenereki inaweza kupungukiwa dawa kwa asilimia 20. Hapana. Kiasi cha kiini ndani ya kidonge kinapimwa kivyake na mipaka yake ni mikali zaidi. Hiyo 80 hadi 125 inahusu ulinganisho wa dawa kwenye damu, na si wastani tu unaotakiwa kukaa humo, ni wigo mzima wa makadirio kwa uhakika wa asilimia 90, kuanzia ncha ya chini mpaka ya juu. Dawa ambayo wastani wake umeshuka kweli kwa asilimia 20 inafeli, kwa sababu ncha yake ya chini itakuwa imeshavuka mpaka. Zinazopita kwa kawaida wastani wao uko jirani kabisa na 100, yaani sawa na dawa ya mwanzo.

Kinachobadilika ni rangi, umbo, ladha na vijazio. Zipo dawa chache, kama za kifafa aina ya fenitoini, au warfarini ya kuzuia damu kuganda, ambazo daktari hapendi ubadilishe kiwanda kiholela kwa sababu kiwango kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana. Hizo si za kuazimana hosteli.

Halafu tusichanganye jenereki na feki. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa bidhaa ya tiba 1 kati ya 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni feki au haina kiwango. Tatizo ni kubwa, ila feki inavaa jina lolote, hata lile la boksi zuri. Kinga yako ni kununua mahali paliposajiliwa.

Nakuja na sehemu ya pili. Karibuni.

#2

Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, mbona mtu anameza ya bei rahisi haisikii, akinunua ile ya jina kubwa anapona siku hiyohiyo? Hilo tumeliona kwa macho.

#3 (mleta uzi)

Mkuu, swali zuri. Mara nyingi aliyepona amepona kwa sababu siku zilifika. Mafua yana ratiba yake. Siku ya kwanza na ya pili unameza ya bei rahisi, siku ya nne unakata tamaa unanunua ya gharama, siku ya tano unaamka mzima. Nani anapewa sifa?

Kwenye maumivu, matarajio nayo yana kazi yake. Ukiamini dawa ni kali, maumivu hupungua kwa kiasi fulani hata kabla kiini hakijafanya lolote. Hilo si uzushi, ndiyo maana majaribio ya dawa huwa na kundi linalopewa kidonge kitupu.

Sasa hasara ya kuamini jina la boksi ni hii, na hapa ndipo nilitaka tufike. Chukua mwanachuo mwenye mafua na kichwa. Mezani ana pakiti mbili. Ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa jina la dawa ya mafua. Ya pili ina jina la dawa ya maumivu. Kwake hizo ni dawa mbili tofauti kwa shida mbili tofauti. Geuza ile ya mafua usome yale maandishi madogo: parasetamoli miligramu 500, klofeniramini ya mzio, na kitu cha kuzibua pua. Geuza ya pili: parasetamoli miligramu 500. Basi.

Anameza vidonge viwili vya mafua mara nne kwa siku, kama pakiti inavyosema. Hizo tayari ni gramu 4, ambacho ndicho kikomo cha mtu mzima kwa saa 24. Juu yake anaongeza viwili vya maumivu asubuhi, mchana na jioni. Gramu 3 nyingine. Jumla 7, na dozi ya kila pakiti ameitii bila kukosea. Na akiwa amesafiri kutoka Marekani na dawa zake, atakuta imeandikwa asetaminofeni. Ni parasetamoli ileile.

Wanaosema jenereki ni mbaya hawajui kwamba lile jina dogo, jina la kiini, ndilo jina pekee linaloweza kumwokoa huyu kijana. Jina kubwa ni la mwenye kiwanda.

#4

Mkuu hapo unatutisha. Parasetamoli hata mtoto mchanga anapewa. Watu wanameza miaka nenda rudi na wapo.

#5 (mleta uzi)

Wapo, kwa sababu kwa dozi sahihi ni dawa salama kweli, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ukali wake uko kwenye kuzidisha.

Ini huivunja parasetamoli nyingi kwa njia isiyo na madhara. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu, na sumu hiyo hupunguzwa makali na kitu kiitwacho glutathioni kilichomo ndani ya ini. Ukimeza kupita kiasi, glutathioni inakwisha, sumu inabaki bila wa kuizuia, seli za ini zinaanza kufa. Aliyekuwa hali chakula, au mnywaji wa kila siku, akiba yake huwa ndogo tangu mwanzo. Mwanachuo wa msimu wa mitihani anayeshinda na kahawa tupu, jipime mwenyewe.

Kinachonitia hofu ni ukimya wake. Saa 24 za mwanzo mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote. Maumivu ya tumbo upande wa kulia na macho kuwa ya njano huja siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuokoa ini ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo aliyezidisha asingoje aumwe. Aende hospitali na pakiti zote mkononi, hata kama anajisikia mzima, na hata kama zimepita hizo saa 8.

#6

Naomba niulize kwa niaba ya wadada wenzangu. Tumbo la mwezi likibana mimi parasetamoli hainisaidii kabisa, natumia diklofenaki. Rafiki yangu anaongeza na ibuprofeni juu yake ili afike darasani. Hiyo nayo ni kosa? Na vile vidonge vya dharura kaka, maana huko vyumbani vinaliwa kama peremende.

#7 (mleta uzi)

Dada, kwenye chaguo la dawa hujakosea. Maumivu ya hedhi yanaletwa na kemikali ziitwazo prostaglandini zinazotengenezwa kwenye mji wa mimba. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wake, ndiyo maana hukushika kuliko parasetamoli. Rafiki yako ndiye mwenye tatizo. Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na aspirini ni ukoo mmoja. Ukichanganya mbili huongezi nafuu ya maana, unaongeza madhara tu. Prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ngozi ya ndani ya tumbo, na ndizo zinazosaidia figo kupata damu ya kutosha unapokuwa na upungufu wa maji. Ukizizima kila siku kwa wiki kadhaa unajitengenezea vidonda vya tumbo, na vinaweza kutoa damu bila kuuma kwanza. Choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo.

Ibuprofeni ya kujinunulia isizidi miligramu 1,200 kwa siku, siku chache, baada ya kula. Mwenye pumu au vidonda aulize kwanza. Na kama uko sehemu yenye homa ya dengi, ukipata homa usiyoijua chanzo kaa mbali na ukoo huo wote, maana huongeza hatari ya kutokwa damu.

Vidonge vya dharura, nitazungumzia vile vya levonogestreli, miligramu 1.5. Vinafanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, kwa hiyo kila saa ina thamani. Vinatakiwa ndani ya saa 72, na saa ya 5 ni bora kuliko ya 50. Mimba ikishatunga havifanyi kitu. Ukitapika ndani ya saa 2 unatakiwa kurudia. Kuvimeza mara kwa mara hakuharibu kizazi kama wengi wanavyotishana, ila hedhi itakuvurugikia na ulinzi wake ni mdogo kuliko njia za kawaida. Anayevihitaji kila mwezi anatafuta uzazi wa mpango, aende apewe.

Lakini kuna jambo nadra kulisikia: anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI, au dawa kadhaa za kifafa, ini lake huivunja levonogestreli haraka kuliko kawaida. Huyo amwambie mfamasia kabla ya kupewa. Usione aibu, sisi hatuna muda wa kushangaa.

#8

Mleta mada umeandika vizuri, lakini tofautisha. Sisi wa vitivo vya afya tunajitibu kwa sababu tunajua. Huwezi kutuweka kapu moja na wengine.

#9 (mleta uzi)

Mkuu, kwa heshima zote, ninyi ndio wateja wangu wagumu kuliko wote. Wa sheria au uhasibu huja akasema "naumwa koo, nisaidie". Wa mwaka wa pili wa udaktari huja na jibu: "Nipe azithromaisini." Ukimuuliza homa ipo? Anakohoa? Amejiangalia koo? Anaona unamdharau. Na akishaondoka nayo, nusu ya jengo itapona kwa utaalamu wake.

Koo kuuma mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiui virusi hata ungemeza pakiti nzima. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliziweka antibayotiki kwenye makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuangaliwa, na za akiba. Amoksisilini iko kundi la kwanza. Azithromaisini na siprofloksasini ziko kundi la kuangaliwa, kwa sababu bakteria wanazizoea haraka. Ninyi mnaanzia hapo.

Na hili halijaanza leo. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipopokea Nobel mwaka 1945 alionya kwamba itafika siku mtu ataweza kuinunua mwenyewe dukani, ajipe dozi ndogo mno, na kuwafundisha vimelea ukaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria kwa dawa.

Vile vidonge vinne ulivyobakiza, ukampa mwenzako mwenye kikohozi, ndiyo dozi ndogo aliyoisema.

Kuna mambo mawili ya chumbani kabisa ambayo hata wa udaktari huyasahau:

Siprofloksasini na kahawa. Dawa hii huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Kikombe kilekile ulichozoea kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka, moyo unamwenda mbio, usingizi hana, anadhani ni hofu ya mtihani.

Doksisiklini ya kitandani. Hii nayo ni antibayotiki. Saa sita usiku umechoka, unaichomoa, unaimeza kwa mate au funda moja la maji, unalala. Kidonge kinakwama kwenye umio, kinayeyuka palepale, na doksisiklini ina asidi. Asubuhi unaamka huwezi kumeza hata mate, kifua kinachoma kama umemeza kaa la moto. Nimeona watu wakikimbilia kipimo cha moyo kumbe ni hiyo. Imezwe na glasi nzima ya maji, ukae wima angalau nusu saa. Na usiimeze pamoja na dawa ya kiungulia wala vidonge vya madini ya chuma, vinaishika isiingie mwilini. Maziwa nayo hupunguza inayoingia, na siprofloksasini nayo haitaki maziwa.

#10

Hapo kwa doksi umenigusa, nilidhani nina vidonda vya tumbo mwaka mzima uliopita 😅. Sasa gusia na zile za kukesha. Kuna watu wanameza vitu wasome siku mbili mfululizo.

#11 (mleta uzi)

Nitakuwa mfupi kwa sababu hapa sina la "itumie hivi".

Methailifenideti ni ya watu waliopimwa na kukutwa na tatizo la umakini. Modafinili ni ya ugonjwa wa kusinzia ghafla. Zote ni za kuandikiwa na daktari. Kwa mtu mzima asiye na tatizo hilo zinamkesha, ila kukesha na kuelewa ni vitu viwili, na kumbukumbu inapangwa ukiwa umelala. Wadada mliomo humu: modafinili hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na athari hiyo inaendelea hadi mwezi mmoja baada ya kuiacha. Wangapi waliambiwa hivyo na aliyewapa?

Tramadoli ndiyo sitaki kabisa kuisikia vyumbani. Ni ya jamii ya afyuni. Inazoesha, na inaweza kuleta degedege, hasa ukizidisha au ukiichanganya na dawa za sonona.

Upande wa pili kuna wanaotafuta usingizi kwa klofeniramini, ile ya mzio. Inalaza, kweli. Pia inabaki kichwani mpaka asubuhi, na unaingia chumba cha mtihani ukisoma swali la kwanza mara nne. Kama una mzio na una mtihani, omba loratadini, hiyo haifiki sana kwenye ubongo.

#12

Shukrani mkuu, nondo tupu. Swali langu la mwisho: mimi nina vidonge vimekatwa vipande, vimebaki vitatu, sehemu yenye jina haipo. Vyeupe, virefu kidogo, vina mstari katikati. Ni vya nini?

#13 (mleta uzi)

Mkuu, sijui, na yeyote atakayekujibu humu kwa kuangalia maelezo hayo anabahatisha. Vidonge vyeupe, virefu, vyenye mstari katikati vipo vya maumivu, vya kisukari, vya antibayotiki, vya presha. Mstari ni wa kuvunjia tu.

Usivimeze na usimpe mtu. Usivitupe chooni pia. Virudishe duka lolote la dawa uombe wakuteketezee. Na siku nyingine ukiuziwa vilivyokatwa, kabla hujatoka dirishani mwambie muuzaji akuandikie kwenye bahasha jina la kiini, miligramu, na tarehe ya kuisha. Kwa kawaida jina na tarehe hubaki kwenye kile kipande alichobaki nacho yeye. Akikataa kuandika, mrudishie vidonge vyake.

Wenye maswali ya antibayotiki za ngozi na zile za kupakia chunusi, nimeyaona, nitayajibu kesho usiku nikitoka zamu.